Makame, Neno la Rukia Nimelitangua

Makame rafiki yangu, leo tulia. Ntasema mpaka nimalize, na kwa mara ya kwanza huna la kunikatiza.

Tangu utuache, baraza imepoa. Bao hawataki kucheza na mie, nshawafunga wote. Aliyekuwa akinifunga ni wewe peke yako, na hilo sijamwambia mtu.

Juzijuzi nilivunjika nyonga. Watu nimewaambia nilianguka kutoka juu ya mnazi. Wewe sikudanganyi, niliteleza chooni.

Wakanilaza hospitali. Unakumbuka ulipolazwa wewe? Siku ya kutoka wakaja watu wa hospitali kutuuliza kama tumeridhika. Tukasema daktari mzuri, wauguzi hamna kitu. Wallahi, Makame, tuliwaangalia saa ngapi? Tuliingia mle tushawadharau, kila walichotufanyia tukakiona kibaya. Na wiki ile ile mjukuu wako Rukia akaomba kwenda kusomea uuguzi. Ukakataa. "Mjukuu wangu haoshi uchi wa watu." Maneno yale nilikutia mdomoni mie.

Basi na mie, bingwa wa kubeba magunia ya karafuu bandari nzima, asubuhi moja nikajichafua kitandani. Nikajifunika gubigubi, namngoja mwanangu Juma aje anioshe, maana muuguzi mwanamke hanigusi. Jua likapanda, Juma hajatokea. Akaja muuguzi, kijana sawa na Rukia. Akavuta pazia. "Shikamoo babu. Nkusafishe kidogo?" Nikamtukana. Akasimama pale pale, akangoja nimalize. Kisha akaniosha, na nguo haikutoka juu yangu hata mara moja, vilevile nilivyokuosha wewe siku uliyokufa.

Siku ile mtaa mzima uliniombea dua kwa kukuosha. Huyu kaniosha nna roho yangu, nikamlipa matusi. Nikalia, Makame. Ukitaka kucheka, cheka.

Nilipotoka, wakaja tena na suali lao. Nikawasifu wauguzi mpaka karatasi ikawajaa.

Jana nikakokota magongo mpaka Kiembe Samaki, kwa mwanao Suleiman. Rukia fomu ya chuo bado kaiweka, haina saini ya baba yake, na siku za kuipeleka zinakwisha. Suleiman akanambia, "Ami, neno la marehemu baba ntalivunjaje?"

Hapo nikasema nisilopata kusema tangu nizaliwe: nilikosea. Nikamwambia, "Lile halikuwa neno la baba yako, mie ndiye niliyemjaza." Akaomba kalamu, akatia saini.

Rukia akakwenda jikoni akanitilia chai, nusu ikamwagika kwenye kisahani. Nimeinywa yote.

Kama umekasirika, utanigombeza tukionana. Lakini nnakuahidi, mtu akimsema Rukia kwa kazi yake pale barazani, aanze na mie kwanza. Na mdomo wangu unaujua.

Nna hamu nawe, Makame. Mungu akulaze pema, na neno lile unisamehe.

Mie rafiki yako,
Mzee Khatibu