Nusu Tano Ndani ya Kopo la Vifungo

Jumatano, baada ya kazi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limekubali kupanda ngazi, na shemeji ameacha kukufichia miwani akidhani ni mzaha. Wapwa zangu nao nawaombea afya. Sisi huku hatujambo, na neno hilo leo nimelipima kabla ya kuliandika, si kama nilivyokuzoesha kwenye simu. Mama watoto anakusalimu sana. Yuko hapa mbele yangu anakunja nguo, na kila nikisimamisha kalamu ananitazama kwa jicho la mwalimu wa zamu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi, na mimi kwenye simu nimekuwa bingwa wa kudanganya kwa sauti nzuri. Dereva wa lori la vitambaa anapita mjini kwenu kesho mchana, ameahidi kukupa mkononi. Ni lazima ikufikie kabla ya Jumamosi. Jumamosi umesema unakuja na gari la shemeji kunichukua, kuzitupa dawa zangu jalalani, na kumpelekea mkuu wa kliniki yale malalamiko yako ya kurasa tatu dhidi ya daktari. Dada, nakuomba usifanye hata moja kati ya hayo matatu mpaka umalize kusoma. Na usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua.

Unakumbuka daktari alivyoamua kunibadilishia dawa. Ile ya zamani, uliyonisimamia nikaianza miaka mitatu iliyopita nikiwa nalala kwenye kochi lako, ilikuwa imechoka. Nilikuwa naenda kazini, narudi, nakula, lakini ile sonona ilikuwa imeanza kunirudia kidogo kidogo. Daktari alisema tutapunguza ya zamani kwa wiki mbili huku tukiingiza mpya taratibu, kisha ya zamani tuiache. Alinionya kwamba mwili utalalamika, nitakauka mdomo, nitaota ndoto za ajabu, huenda nikasikia kizunguzungu, na kwamba nikizidiwa nimpigie siku hiyo hiyo. Nikaitikia kila kitu kama mtoto mwema.

Tulianza Jumatatu. Kufika Alhamisi nilikuwa sijielewi. Asubuhi, saa moja hivi baada ya kumeza, moyo ulianza kwenda mbio kana kwamba nimefukuzwa na mbwa, jasho likinitoka mpaka kwenye vidole, kichefuchefu kikinishika mbele ya chai. Mchana nikapata nafuu kidogo, nikasema alhamdulillahi. Ikifika saa kumi ikaja ile nyingine, ambayo sijui niielezeje. Ni kama mtu anawasha na kuzima taa ndani ya fuvu. Ukigeuza macho, tap. Ukigeuza shingo, tap. Kila tap dunia inaruka inchi moja pembeni halafu inarudi mahali pake.

Sasa fikiria, na hilo kichwani nasimama kwenye meza ya kukatia. Hujawahi kuiona kazi yangu, acha nikueleze. Mama Pacha, mwenzangu wa meza, anatandika kitambaa tabaka arobaini, moja juu ya nyingine, hata mkunjo usiwepo. Mimi nachora kwa chaki tabaka ya juu, nashika mashine ya umeme yenye kisu cha kusimama, nakata zote arobaini kwa mpigo. Mkono wa kushoto unavaa glavu ya chuma, maana kile kisu hakijui kitambaa wala kidole. Ukipotoka kwenye mkono wa shati moja, umeharibu mashati arobaini. Ndiyo maana wakataji tunatembea tumevimba kifua mle kiwandani. Wenzetu wanashona na kufumua, sisi hakuna cha kufumua.

Jumapili ile ulipopiga, nikakwambia hii dawa mpya inaniua. Ndivyo nilivyosema, na nikasisitiza. Wewe ukachemka. Jumatatu ukampigia daktari ukamwambia maneno ambayo hata mimi, niliyekua chini ya ulimi wako, nilipoyasikia nilimhurumia mtu mzima wa watu.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Glavu ilikuwa imelowa jasho, ikawa inanitelezea, nikaivua. Najua. Msimamizi wetu, tunayemwita Futi kwa sababu haivui futi yake ya kupimia nguo shingoni hata akienda kula, alikuwa upande wa pili anahesabu kola. Mama Pacha alikuwa ameshika ncha ya mtandiko usisogee. Nikawa nakata kona ya kwapa, kona mbaya kuliko zote, na ilikuwa yapata saa kumi. Nikageuza macho kufuata chaki. Taa zikazima kichwani mara tatu mfululizo.

Nilipoziona tena, kisu kilikuwa kimetoka kwenye chaki, kimepita katikati ya kifua cha shati, na kilikuwa kimesimama karibu na kidole gumba cha Mama Pacha, pengo lisilotosha kupitisha kifungo. Kimesimama kwa sababu yeye alikuwa amechomoa waya ukutani. Alisema baadaye kwamba alikuwa akiyatazama macho yangu tangu asubuhi na hakuyapenda, ndiyo maana alikuwa amesimama karibu na plagi. Alijitazama kidole, akanitazama mimi, akakaa chini sakafuni. Nikamwambia Futi kwamba umeme ulicheza. Futi akaandika kwenye daftari lake kwamba umeme ulicheza, na mashati arobaini yakaenda kwenye gunia la vitambaa vya kufutia mashine. Mama Pacha alisikia uongo ule, akainuka akaenda kukunja kitambaa kilichobaki, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana mbele ya kiwanda kizima.

Nilirudi nyumbani nikaapa sitameza tena kitu chochote. Si ya zamani, si mpya. Jumatano ukaniuliza kwa ujumbe, kama unavyouliza kila siku saa moja asubuhi, umemeza? Nikajibu ndiyo. Alhamisi ukauliza, nikajibu ndiyo. Siku zote mbili nilikuwa nimelala sakafuni bafuni kwa sababu ndipo dunia ilipozunguka kidogo kuliko kwingine. Na Alhamisi mchana, hapa nasema wazi kwa sababu niliwahi kukuahidi, nilifika tena mahali pale unapopajua. Nikaona mngepumua nyote kama nisingekuwepo. Nilipoona wazo hilo halinishtui tena, ndipo niliposhtuka. Nikamwita mama watoto nikamwambia kama lilivyo. Hakulia, hakunihubiria. Aliketi bafuni pamoja nami, akampigia daktari, hakuniacha peke yangu hata kwenda msalani, na Ijumaa asubuhi tulikuwa wa kwanza mlangoni kwa daktari.

Sasa, Dada, vuta kiti. Hapa ndipo nilipokuwa napazunguka tangu mwanzo wa barua.

Daktari hakunigombeza wala hakulitaja jina lako. Aliniomba nimwekee mezani dawa zote ninazotumia, kama zilivyo. Nikatoa pakiti ya dawa mpya. Kisha nikatoa lile kopo la bati la vifungo ulilonipa nilipoanza ufundi. Ndani mlikuwa na nusu tano za kidonge cha zamani, zimekatwa sawasawa, kingo kali, hata unga haukumwagika. Akaniuliza nani amezikata. Nikajibu mimi, tena kwa majivuno, maana zilikuwa zimekatwa vizuri. Yeye alikuwa ameniandikia vidonge vidogo vya nguvu nusu, na karatasi ya kwenda kuvichukua alinipa. Mimi nikaona nyumbani kuna sanduku zima la vile vikubwa, nusu ni nusu, na kukata ndiyo kazi yangu. Karatasi ilifuliwa pamoja na shati. Jumapili kabla hatujaanza niliketi na wembe mpya na rula, nikakata vidonge saba kwa mkupuo mmoja, nikapata nusu kumi na nne, nikajiona fundi.

Daktari akamwita mfamasia kutoka chumba cha pili. Mfamasia aliokota nusu moja, akaigeuza kwenye mwanga. Akanieleza kwamba kidonge kile kimetengenezwa kiachie dawa polepole, kutwa nzima, na kwamba ganda lake ndilo linaloizuia. Ukikikata ni kama umefumua mshono wa gunia. Dawa yote inamwagika asubuhi, na jioni mwili umebaki mtupu unaidai. Ule moyo wa mbio wa asubuhi ulikuwa ni huo. Zile taa za saa kumi zilikuwa ni hizo. Dawa mpya niliyokuwa naipaka matope haikuwa imefanya lolote zaidi ya kunikausha mdomo. Akasema pia kwamba imeandikwa ubavuni mwa sanduku, usikikate wala usikitafune. Nilipofika nyumbani nikasoma. Imeandikwa.

Kwa hiyo aliyenitesa ni mimi, kwa mkono wangu. Na baya zaidi ni kwamba tangu Ijumaa nimelijua hilo. Jumapili ukanipigia ukanisomea malalamiko yako yote, kurasa tatu, ukaniuliza kama kuna ulichosahau. Nikasema hapana, Dada, umesema yote. Nilikuacha umkaange mtu asiye na kosa kwa sababu niliona aibu kukwambia kwamba mdogo wako anayejisifu kwa mkono wake alijikatia maradhi mwenyewe. Nisamehe. Daktari nimeshamwomba radhi. Alisema dada mwenye kelele ni bora kuliko dada asiyepiga simu, na kwamba usijali.

Sasa ninameza vile vidogo, vizima, na mpya juu yake, na kupunguza tumeambiwa twende taratibu zaidi. Taa bado zinapiga, mara mbili tatu kwa siku. Ndoto ni za ajabu kweli kweli. Juzi nimeota shemeji ananifundisha kuogelea akiwa amevaa koti. Jumatatu nilimwambia Futi ukweli wa mashati arobaini. Alifuta neno umeme kwenye daftari, akaniondoa kwenye kisu mpaka daktari atakaporuhusu, na sasa natandika kitambaa. Anayekata ni Mama Pacha. Amevaa glavu yangu, na kila asubuhi kabla ya kuwasha ananitazama macho kwanza.

Jumamosi njoo, lakini njoo kututembelea. Kurasa tatu ziache nyumbani. Wasalimie shemeji na watoto, na goti hilo lipe pumziko, usilisukume kama unavyotusukuma sisi.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiti

Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nafunga bahasha ujumbe wako ukaingia, saa moja kamili. Umemeza? Kidole kikaenda chenyewe kwenye ndiyo. Nikakirudisha. Nimekujibu kwamba bado, na naona unapiga simu. Ngoja nikupokee.