Ngazi za Guangzhou

Mama,

Wale mbuzi watano wa sanamu kule Guangzhou si wa dhahabu. Ni wa mawe, ya kijivu, na ndege wamewachafua. Naanza na hilo kwa sababu mdogo wako Deo alikuhadithia dhahabu miaka yote, ukaamini, ukawahadithia wajukuu zako, na ukaondoka duniani na dhahabu hiyo kichwani.

Tulikwenda, mimi na Mjomba Deo. Siku ya mazishi yako, watu wakiwa bado na sahani mikononi, alisimama katikati ya ukumbi na ile kofia yake ya ngozi, akatangaza kwamba atanipeleka China mimi, binti yako wa pekee, "kutimiza hamu ya Yaya yangu, dada yangu mkubwa." Watu wakaitikia kwa kuridhika. Nilikuwa nimelia mpaka sina nguvu ya kubishana na mtu. Nikasema sawa. Mwezi wa kumi nikaomba likizo ya wiki moja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Sweden, tukaondoka.

Unakumbuka alivyokuwa anajisifu. Kila Jumapili baada ya ibada, kikombe cha kahawa mkononi: nimeishi Guangzhou miaka sita, nimefanya biashara na wakubwa, hakuna kichochoro nisichokijua. Na wewe unamtazama kama vile alizaliwa na nyota. Nilikuwa nakuonea huruma hata wakati ule, Mama. Nisamehe, lakini ni kweli.

Siku ya kwanza alisema twende kwenye bustani ya mbuzi, ni karibu. Tulitembea saa mbili. Aliuliza njia kwa Kichina, na ndipo nilipogundua kwamba Kichina chake ni namba, neno la "katoni" na neno la "kesho". Mwisho mama mmoja aliyebeba mboga alitushika mkono akatufikisha langoni. Lango lilikuwa mtaa wa pili kutoka hotelini kwetu. Mjomba akafuta jasho, akasema, "Walilihamisha."

Lango la bustani, Mama. Walilihamisha.

Siku ya pili tulikwenda Shamian, kisiwa kidogo kando ya mto, cha majumba ya zamani waliyojenga Wazungu na miti iliyoshusha mizizi yake hewani. Watu wengine walipiga picha za majumba. Mimi nilitazama chini. Barabara ni tambarare kama sakafu ya kanisa. Wazee wa rika lako walikuwa wamejaa pale. Wengine walisukuma vigari vya kutembelea kama kile chako, na kikundi cha akina bibi kilikuwa kinacheza dansi mbele ya redio, wote na viatu vyeupe.

Nikamwuliza, "Mjomba, ngazi ziko wapi?"

"Subiri mlimani," akasema, akaenda kujipiga picha na sanamu.

Nilikuwepo siku ile jikoni kwako Norsborg, ndiyo maana niliuliza. Ulikuwa umetoka kuchukua pasipoti yako mpya. Ulivaa kitenge cha kijani, ukamwekea Deo sambaza, wale samaki wadogo, mbele yake, ukasema, "Mdogo wangu, nipeleke nikauone huo mji wako kabla miguu haijanikatalia kabisa." Hakuinua hata kichwa. "Yaya, kule ni ngazi tupu. Ngazi elfu. Hata mlango wa hoteli una ngazi. Na magoti haya, utafia njiani." Ukairudisha pasipoti kwenye bahasha, ukasema, "Basi, nitaona picha." Ukamwongezea samaki.

Siku ya tatu tukaenda mlima wa Baiyun, nje kidogo ya katikati ya mji. Ngazi zipo, ndiyo, za wanaotaka mazoezi. Lakini pale chini kabisa kuna gari la waya, Mama. Vijumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya mnene, unakaa, unapandishwa mpaka karibu na kilele. Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na bibi kwenye kiti cha magurudumu. Watoto wake wawili walimshika makwapa, wakamkalisha ndani, kiti kikakunjwa, mlango ukafungwa. Bibi alikuwa anacheka.

Nilipanda na Mjomba. Tulipofika katikati, mji mzima umelala chini yetu, nilimtazama. Alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili na amefumba macho.

"Ulimwambia Mama kuna ngazi elfu," nikasema.

"Riziki, acha."

"Ulimwambia atafia njiani."

Ndipo akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia Jumapili hata moja, "Mimi sijapandaka huku hata siku moja."

Akaeleza. Miaka sita alilala chumba cha nyuma ya bohari na wanaume wengine wanne, akifunga katoni za watu kuanzia asubuhi. Siku ya kupumzika alifua nguo. Ile picha uliyoiweka kwenye fremu juu ya televisheni, yeye na mbuzi wa dhahabu, aliipiga kwenye duka la picha, mbele ya ukuta uliochorwa. Aliogopa ukifika utamwambia, Deo, nionyeshe ulipokuwa unaishi. "Yaya alikuwa ananiheshimu," akasema. "Ni yeye tu."

Pengine ungetaka nimwonee huruma hapo. Wewe ungemwonea. Ungemwambia pole mdogo wangu, ungetafuta kitu cha kumlisha. Mimi nilimdharau zaidi. Kufunga katoni si aibu. Wewe ulisafisha vyoo vya shule Botkyrka mpaka mgongo ukapinda, na hukumdanganya mtu. Alichoona aibu ni kazi yake, na ili aifiche akachukua miguu yako. Alikufungia ndani. Miaka miwili ya mwisho ulikaa dirishani ukiangalia kituo cha basi, na ungeweza kuwa pale juu, umekaa kama yule bibi, unacheka.

Na niandike na hili, maana siwezi kulisema mahali pengine. Nilipomsikia akisema ngazi, siku ile jikoni, nilipumua. Nilijua asipokupeleka yeye utaniomba mimi. Ningelazimika kuomba likizo, kukuvalisha, kukusubiri kila choo. Nina simu. Ningeweza kutafuta kwa dakika moja nikajua ukweli. Sikutafuta. Kazini nawabeba wazee wa watu wengine kuanzia saa moja asubuhi, halafu nilimwacha mtu mmoja akuambie huwezi, kwa sababu ilinifaa. Kwa hiyo dharau niliyonayo kwa Deo, nyingine inanirudia mwenyewe.

Kule juu wanauza bakuli la kitu cheupe, laini, cha soya, chenye sukari. Nilikula langu, nikanunua lingine nikala kwa ajili yako. Mjomba alikaa kwenye benchi, kofia magotini. Sikumnunulia.

Jumamosi iliyopita tulifanya kumbukumbu yako ya mwaka mmoja, kwenye ukumbi wa Alby. Watu walikuwa wengi, hata Wakenya wa kwaya walikuja. Mjomba alikula akashiba, akasahau, akaanza: "Nilipompeleka Riziki China, mji ule una ngazi..."

Nikaweka kikombe chini, nikasimama. "Mjomba, waambie kuhusu gari la waya."

Mwanangu Samweli akaninong'oneza kwa Kiswidi nikae. Sikukaa. Deo akasimama, akavua kofia, akawaambia yote: bohari, katoni, ukuta uliochorwa, na wewe. Alipomaliza alirudi kwenye kiti chake.

Aliyesema wa kwanza ni Mama Wanjiru, yule wa kwaya, anayetembea na fimbo tangu afanyiwe operesheni ya nyonga. Aliuliza tu, "Kwa hivyo mimi na hii fimbo yangu ningefika?"

"Ungefika," nikasema.

"Basi si twende?"

Nimeomba likizo ya mwezi wa tano, Mama. Nitampeleka Mama Wanjiru, nitamvalisha, nitamsubiri kila choo, na nitatembea kwa mwendo wake. Hilo nakuahidi, nami naliandika hapa ili nisije nikalikwepa. Kwenye fremu ya juu ya televisheni nimetoa ile picha ya Deo na mbuzi wa kuchorwa, nimeweka yako ya kitenge cha kijani.

Pumzika, Mama yangu. Jana Mjomba alipiga simu kutoka kwake Fittja, kwa upole, akauliza kama anaweza kuja nasi. Nimemwambia bado. Akija siku moja, atakuja kumsukuma mtu kiti, na atafunga mdomo.

Mwanao,
Riziki