Baba, Nozeli Zile Zilikuwa Zangu

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, maana mkono wangu haujui kuanza kukuandikia bila shikamoo. Usidhani nimekuja kwa upole. Nina hasira na wewe, na imenichukua miaka sita tangu tukuzike pale kihambani, shamba letu la ukoo, kati ya migomba na ile mibuni uliyokataa kuing'oa, kupata ujasiri wa kukwambia.

Unakumbuka ulivyopunguzwa kazi kiwandani? Wenzako walirudi na kiinua mgongo, wewe ukarudi na mashine ya kukereza vyuma juu ya lori la mkaa, na mama akauliza kama tutakula chuma. Ukapanga chumba mjini, Majengo. Ndiyo miaka ile vitu vya nje vilikuwa vimeanza kumiminika, zikaja na pampu za kuoshea magari kwa presha. Pale Himo kila mwenye kiwanja kando ya barabara akawa anaosha malori. Pampu zenyewe zilidumu. Kilichokufa upesi ni nozeli, kile kichuma kidogo cha mdomoni kinachotawanya maji, kwa sababu maji yetu ya mfereji yana mchanga wa mlimani na mchanga unatafuna tundu. Spea hakuna. Ukasema tutachonga wenyewe, kwa shaba ya koki kuukuu.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na hakuna aliyejua anipeleke wapi. Ukanichukua.

Nozeli zako za kwanza zilikuwa mbovu, Baba, acha niseme leo. Ulitoboa tundu moja kwa moja, ukalikata mdomo kwa tupa, na maji yakatoka mazito pembeni, mepesi katikati. Lori lilitoka na mistari kama suruali ya bwana harusi. Nyingine ilitoa uzi mmoja wa maji ukabandua rangi ya mlango wa watu, ukatukanwa mbele yangu. Ni mimi niliyekaa wiki nzima nikizipasua kwa msumeno kuona ndani kukoje. Ni mimi niliyeinoa keekee ncha yake ikawa ya mviringo kama ncha ya kidole, nikatoboa kutoka nyuma bila kutokeza, halafu nikakata mbele kwa tupa ya pembetatu mpaka mkato ukakutana na ule mviringo. Pale vinapokutana hufunguka tundu lenye umbo la jicho. Maji yakatoka bapa, sawasawa, pembe hadi pembe.

Kipimo kilikuwa chako, hicho sikunyang'anyi. Kila asubuhi tulishuka mjini na majani ya mgomba. Tunalipaka jani tope, mmoja analishika, mwingine anafungua maji. Tope likibaki, mkato ni mpana mno. Jani likichanika, ni mwembamba mno. "Shika jani, mama," ulikuwa ukiniambia, nami nilishika mpaka mikono inakufa ganzi. Siku jani la kwanza lilipotoka safi na zima, ulilizungusha mkononi, ukacheka mpaka ukakohoa. "Mama, umeniweza," ukasema. Niliishi kwa maneno hayo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Wiki hiyohiyo akaja yule mzee wa Kwa Sadala mwenye malori. Akaijaribu nozeli, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akauliza nani kachonga.

"Kijana wangu," ukasema.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, nywele zimejaa vumbi la shaba. Kijana wako Elirehema, kitinda mimba wako, wakati huo alikuwa shule ya msingi, na tupa asingeitofautisha na fimbo ya kuchungia mbuzi. Nilikuuliza tukipanda nyumbani. Ukanijibu, "Wateja wanapenda kusikia hivyo. Wewe na mimi tunajua." Tunajua! Miaka kumi tulijua sisi wawili tu, na kila dereva aliyepita Himo aliwasifu mzee na kijana wake.

Kihamba sikukigombea. Ndivyo tulivyo, mtoto wa kiume wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, nami nimekua nikilijua hilo. Lakini mashine haikuota kihambani, Baba. Ilisimama Majengo, na aliyeilisha mafuta kila Jumamosi ni mimi.

Kisha ukaugua. Siku ile mama alipotoka kuchemsha mtori, ulitoa chini ya blanketi kitawi cha sale, kichanga, umekifunga kwa uzi. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake: anayekujia na jani la sale anaomba msamaha, na hukatai. "Mama," ukasema, "mashine nimempa Elirehema. Kesho wazee wa ukoo wakija nitawaambia. Nisamehe."

Nikapokea. Ningefanya nini?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ulisema kesho! Wazee walikuwa hawajaja. Pumzi ulikuwa nayo, ulimi ulikuwa nao, Elirehema alikuwa uani anapasua kuni. Uliomba msamaha wa kosa ambalo ulikuwa bado hujalifanya, ili ulifanye kwa amani. Ulijua ni vibaya, ukaenda kukata jani badala ya kuacha. Na baada ya matanga, baba mkubwa alipouliza kama kuna mwenye neno, mimi nilikuwa nalo kooni. Nikanyamaza, kwa sababu nilishapokea jani lako.

Mashine iliuzwa kabla ya mwaka kuisha. Elirehema simlaumu sana. Ulimpa kitu asichokijua, akafanya alichokijua.

Sasa nachonga kwa fundi Hamisi, hapohapo Majengo, kwenye mashine yake, anapokwenda kula. Keekee yangu ya mviringo ninayo. Kitawi chako nilikichomeka kwenye kopo la rangi karibu na dirisha, nikitumaini kitakufa. Kimechipua.

Juzi alikuja dereva kutoka Himo. "Dada, nimeelekezwa hapa. Natafuta nozeli za yule kijana wa mzee."

"Yule kijana ni mimi," nikamwambia.

Akacheka, akidhani namtania. Nikamwambia akae. Nikachonga mbele yake, na Hamisi akarudi na mafundi wake wakasimama kutazama. Majani ya mgomba yalikuwa yamekwisha. Nikaenda dirishani nikachuma jani la sale, lile la katikati lililo laini, nikalipaka tope nikampa alishike. Nikafungua maji.

Likatoka safi, zima, bila ufa. Akaligeuza huku na huku kama ulivyokuwa ukifanya wewe, akanitazama.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Neno hilo, Baba. Mbele ya watu. Mtu nisiyemjua hata jina amelisema bure, na wewe ukaondoka nalo.

Wanasema sale haikataliwi. Sikuikataa, naimwagilia kila asubuhi. Lakini msamaha wenyewe bado sijakupa.

Ni mimi, kijana wako aliyechonga nozeli,
binti yako wa kwanza,
Anaeli