Maziwa Yaliyojitenga

Happy, uko wapi? Nimefanya jambo la aibu.

Nimemwita mama mkwe mwongo. Mimi! Mama wa watu katoka Kamsamba kuja kunilelea Brayson ili nirudi kibandani kuuza maziwa ya ng'ombe.

Mchana nimefungua friji nimpe mtoto maziwa yangu niliyojikamulia jana. Nakuta juu mafuta, chini majimaji ya bluubluu. Unanijua, kwa macho haya haya nawarudisha wanaoniletea maziwa yaliyotiwa maji. Nikamuuliza, "Mama, umeongeza maji kwenye maziwa ya mtoto?"

Akasema, "Mwanangu, sijayagusa."

Nikamjibu anidanganye kwa mengine, siyo kwa maziwa. Siyo kwa maziwa, Happy! Namwambia hivyo mtu aliyezeeka akikamua ng'ombe! Halafu nikayamwaga yote mbele yake.

Baadaye nikajikamulia mengine, nikayaweka kwa mkono wangu, hakuna aliyesogea. Nimetoka kuyatazama sasa hivi. Juu mafuta, chini bluubluu. Yale yale!! Nimempigia nesi wa kliniki, kasema maziwa ya mama yakikaa hujitenga hivyo, unayazungusha taratibu tu yanachanganyika.

Sijui hata naanzaje kumwomba msamaha.

Nilikuwa bado naandika hapa, kaja na kikombe cha mtoto. Kakichemsha, kakikausha kwa kitambaa, kaniinamishia nione ndani.

"Angalia, mama Brayson. Hakina hata tone la maji."