Kioo cha Mwisho cha Chumvi

Mjomba wangu Mbwana,

Imekata. Nilikusudia kuanza kama ulivyonilea, salamu kwanza na haja baadaye, lakini neno hili limekaa mdomoni mwangu tangu juzi alasiri na sina nguvu ya kulizuia zaidi. Mashine yetu imekata mbao, Mjomba. Haikuunguza juu juu kama ilivyozoea kutufanyia. Imekata ikatokeza upande wa pili, na nimeuona ukuta wa jikoni kupitia ufa mwembamba kama unywele. Sasa ndipo nakupa salamu: Mwenyezi Mungu akulaze pema, akupanulie kaburi lako, akusamehe na kosa moja ulilolifanya kila mara bila kujua. Nitalieleza.

Kesho eda ya mkeo Bi Halima inatimia, miezi minne na siku kumi. Jamaa watakuja kusoma dua, na wamenitaka mimi, kwa kuwa ni mwalimu, niseme machache juu yako. Nimejaribu mara mbili kuandika hotuba. Siwezi kuwasimulia watu habari zako kana kwamba hupo, ilhali koti lako la kazi lingali msumarini katika kile chumba cha uani. Basi nakuandikia wewe, na wao watasikiliza. Wasiojua tulikuwa tukifanya nini humo miaka yote watajua papo hapo.

Wajue, basi, kwamba wewe, fundi wa majokofu wa Likoni, ulipewa na baharia mmoja jarida kuukuu lenye picha ya mtu aliyejijengea nyumbani kwake mashine ya leza. Bomba refu la kioo, ndani yake mchanganyiko wa hewa, umeme mkali ukapita humo, na mwishoni ukatoka mwale usioonekana kwa jicho, unaokata mbao bila meno wala makali. Ulinijia nalo nikufasirie Kiingereza chake. Nilipomaliza uliniuliza swali moja tu: "Mtu huyu ana vidole vingapi?" Nikakujibu, kumi. "Kama vyangu," ukasema, ukalikunja jarida ukaondoka.

Miaka kumi, Mjomba. Kompresa ya jokofu lililokufa ndiyo iliyotunyonyea hewa bombani. Transfoma tuliipata kwenye bango la taa la hoteli iliyofungwa. Hewa ya kutia ulikuwa ukiiomba kwa mafundi wa mitambo ya soda na kwa muuza mapurutangi ya watoto, nao wote wakidhani wewe unafungua biashara ya sherehe. Ndoo ya kupozea bomba ilikuwa ikigombaniwa na jikoni kila mkokoteni wa maji uliposimama mlangoni. Na kila Jumamosi rafiki yako Kahindi, fundi wa redio, alitoka kwake Junda akavuka daraja, akavuka feri, akaingia na mfuko wake wa waya akiuliza: "Haya, leo twaunguza nini?" Wallahi, hapakuwa na siku ya juma niliyoingojea kama ile.

Kilichotushinda ni vioo vya mwishoni mwa bomba. Mwale ule haupiti katika kioo cha dirisha, kinaumeza kama ukuta. Hupita katika chumvi, chumvi hii hii ya chakula, ila iwe fuwele moja nzima iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Mimi ninayefundisha fizikia nilikuwa silijui hilo. Ni wewe uliyeniwekea kidole kwenye mstari wake. Maabara ya kiwanda kimoja cha Changamwe ilipotupa chombo chake kikuukuu cha kupimia, ulimbembeleza bawabu ukarudi na kioo kidogo kilichobonyea cha kuukusanya mwale, na vipande vinne vya chumvi, kila kimoja kadiri ya kizibo cha soda. Ulivibeba ndani ya kofia yako. Watu walikuona ukipita kichwa wazi juani, wakasema mzee ameanza kupotewa.

Vitatu vilituvunjikia, na kila kimoja kilikufa kifo kile kile. Kinang'aa, tunakifunga, tunawasha. Bomba linawaka rangi ya waridi iliyoiva, sote watatu tunashika pumzi, mbao inatoa doa jeusi. Halafu sauti ndogo, kama punje ya mchele chini ya jino, na kioo kina ufa. Tulilaumu umeme. Tulilaumu mchanganyiko. Kahindi alilaumu majini ya Likoni, akasema ya Junda yana adabu zaidi. Baada ya cha tatu ndipo kifua kilipokubana, ukaniambia ukiwa kitandani: "Hicho cha nne usikiguse mpaka niinuke."

Hukuinuka.

Siku ya tatu ya matanga, mwanao Rama alisema mbele ya watu: "Baba ametumia miaka kumi kutengeneza taa isiyomulika." Nilimtazama Bi Halima, naye alikuwa akitazama mkeka. Kisha Rama akasema kwamba eda ikitimia vyuma vile vitoke, vichukuliwe na wanunuzi wa chakavu, ili yeye na mkewe na mtoto wao mchanga wahame kutoka Changamwe waje wakae na mama. Sikumwona na kosa, Mjomba. Wanaishi watatu katika chumba kisichotosha mtu na mwavuli wake, na mama hawezi kuachwa peke yake. Lakini nililia usiku ule kwa jambo jingine kabisa. Nililia kwa kuwa ulikuwa unakwenda kukumbukwa kama mtu wa taa isiyomulika.

Nilihamia kwa Bi Halima nikamsaidia katika eda yake. Miezi minne sikukifungua chumba chako. Juma lililopita Kahindi alikuja, akasimama uani na mfuko wake wa waya, akaniambia: "Mwalimu, tunamngoja nani? Mwenyewe hatarudi, na siku zinahesabika." Tukafungua. Tulifuta vumbi, tukakaza kompresa, tukatia maji ndooni. Bi Halima, kwa kuwa yumo edani na Kahindi si maharimu wake, alikaa nyuma ya pazia la jikoni akipepeta mchele. Nikakitoa kile kioo cha nne kwenye pamba. Kilikuwa na ukungu mwembamba sana juu yake. Nikakiinua mdomoni ili nikipulizie pumzi na kukifuta, kama ulivyokuwa ukifanya wewe kila mara, haa, kisha ncha ya kikoi, vile vile ulivyofuta miwani yako.

"Maimuna," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Abee."

"Wafanyani?"

"Nakifuta kioo."

"Kwa pumzi?"

"Ndivyo alivyokuwa akikifuta Mjomba."

Ungo ukanyamaza. "Na hicho si wasema ni chumvi?"

"Ni chumvi."

"Mwanangu, mimi naishi na chumvi hapa Likoni mwaka wa thelathini na sita huu. Nikisahau kifuniko adhuhuri, magharibi nakuta uji. Wewe waitia mvuke wa kinywa, kisha washangaa ikivunjika?"

Nilisimama na kile kioo mkononi, na kinywa kingali wazi. Nina shahada ya sayansi, Mjomba. Nimewafundisha wasichana wa kidato cha tatu kwamba pumzi ni mvuke wa maji na kwamba chumvi huyeyuka majini. Nimewatungia mtihani juu yake. Na kwa miaka kumi nilisimama kando yako nikikutazama ukikipulizia kila kioo, kwa mapenzi, kabla tu ya kukifunga. Maji yale yalikitia ukungu, ukungu ukaumeza mwale badala ya kuupitisha, joto likakipasua. Hapakuwa na jini wala mchanganyiko mbaya. Ilikuwa ni pumzi yako.

Nilicheka hata nikakaa chini, na nilipokuwa nimekaa nikatambua kwamba silii kwa kucheka tena. Ningetoa chochote kupata pumzi moja ya zile, hata kama ingevunja kioo cha mwisho.

Kahindi akageukia pazia. "Mama Rama," akaita kutoka chumbani, "miaka kumi yote hukusema?"

"Miaka kumi mlikuwa mkifunga mlango," akajibu. "Na hapana aliyeniuliza."

Toka hapo amri ikahamia nyuma ya pazia. Bi Halima alikaanga mchele mkavu sufuriani hadi ukaanza kuwa mwekundu, akaumimina ungali moto katika mkebe wa samli, akafunika. Ulipopoa tukakilaza kioo juu yake katika kitambaa cha pamba, tukafunika tena, siku tatu. Kahindi alipounusa akasema: "Mchele wote huu na hauliwi?" "Ule," Bi Halima akamwambia, "na mashine yako uile baadaye iwe kitoweo." Siku ya nne kioo kilikuwa kikavu, nikausugua ukungu wake taratibu kwa kitambaa na spiriti, kikatoka safi kama kisichokuwepo. Bi Halima akachagua saa, saa nane mchana, jua likiwa kali na upepo ukiwa mkavu. Kisha akanifunga mtandio wake mdomoni kwa mikono yake mwenyewe, mafundo mawili kisogoni. Nilikifunga kioo bombani nikiwa nimezibwa kama mwizi.

Tuliweka kipande cha plaiwudi ya kasha la majani ya chai. Kahindi akavuta kioo cha dirisha mbele ya macho yetu kiwe kinga, akasema bismillahi, yeye ambaye jina lake la ubatizo ni refu kuliko langu, akawasha. Bomba likawaka waridi. Sikupumua. Nikangoja ile sauti ya punje chini ya jino. Nikangoja. Ukatoka uzi mmoja wa moshi, mwembamba, ulionyooka, na nikaanza kuzungusha skurubu ya kigari kilichobeba mbao, tulichokitoa katika taipureta kuukuu, polepole, mbao ikisogea, na uzi wa moshi ukabaki pale pale kama aliyeagizwa asiondoke.

"Nani kaunguza wali?" Bi Halima akauliza.

"Si wali, mama," Kahindi akajibu. "Ni kazi ya mzee."

Ndipo nilipouinua ubao, nikauona ukuta kupitia ufa.

Laiti ungeona yaliyofuata. Jana asubuhi, Kahindi alipokwenda kanisani kwenye sala zake za Jumapili, nilimwita Bi Halima aingie. Alisimama mlangoni kwanza, kama mgeni, katika chumba cha nyumba yake. Nikampa miwani ya kinga, nikamwonyesha skurubu mbili, hii kulia na kushoto, hii mbele na nyuma. Mjomba, mikono ile imedarizi kofia miaka arobaini. Mimi mistari yangu inatetemeka kama ya mtoto wa chekechea. Yeye, mara ya pili tu, alichora nyuma ya ubao ule ule ua la kofia, nukta kwa nukta, mviringo wake umefunga pale pale ulipoanzia. Alivua miwani akalitazama. "Kumbe hili," akasema, "ndilo lililokuwa likimchelewesha kula."

Jioni yake Rama alikuja na utepe wa kupimia kitanda. Nilimpa ule ubao bila kumwambia neno. Alipitisha ukucha katika ufa, akapitisha tena. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Hii ni ile ya Baba?" Nikamwambia ndiyo. Alikaa juu ya ndoo ya maji, mwanao yule mkubwa wa mwili, akabaki ameshika ubao magotini. Mwishowe akasema: "Basi ibaki. Sisi tutatafuta pengine."

Lakini Bi Halima alikataa. "Haibaki. Mtoto halali katika chumba chenye umeme ule, na mjukuu wangu hatatafutiwa pengine mimi nikiwa hai. Itakwenda Junda kwa Kahindi, ana kibanda kizuri. Nami nitaifuata kila Jumamosi."

"Wewe, mama?" Rama akauliza. "Hadi Junda?"

"Kwani huo mkono uliochora ua hapo nyuma ya ubao ni wa nani?"

Rama akaugeuza ubao. Ua lilikuwapo. Alikunja utepe wake akamwomba radhi mamake kwa lile neno la matangani, na mamake akamwambia aliyestahili kuombwa hayupo, ila radhi ataipokea yeye kwa niaba yake.

Basi hayo ndiyo ya nyumbani, Mjomba. Kesho dua, na Jumamosi Bi Halima atatoka kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika, akivuka na mashine yako. Rama amejitolea kulishika bomba mapajani njia nzima. Kahindi ameshafagia kibanda, na anasema Junda nzima inajua kuna fundi mpya anakuja, nao hawajaambiwa kuwa ni bibi. Nimejaa furaha hata naona haya mbele yako, nikikumbuka kwamba furaha hii ilikuwa yako kwanza.

Lala, Mjomba wangu. Yale maji ya pumzi yako nimeyasamehe, na wewe unisamehe mimi niliyesoma vitabu vyote vile nisiyaone. Nakuahidi jambo moja, mbele ya hawa wote wanaonisikiliza: huko Junda hakitafunguliwa kitu, hakitafutwa kitu, wala hatutawasha, kabla Bi Halima hajaulizwa, na akiisha kuulizwa, mimi nitanyamaza mpaka ajibu.

Mpwa wako,
Maimuna