Nta ya Gari ya Guka

Wambui mjukuu wangu,

Hapa Karatina tuko wazima, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza gari ipakwe nta kila baada ya muda gani. Mafundi husema miezi mitatu. Mimi sikujua hayo guka, babu yako, alipolazwa hospitali Nyeri, tukiwa tumeoana juzi tu, gari yake ya buluu ikabaki kwenye ukungu. Kila asubuhi nilimwagia boneti maji. Yakisimama matone, nilijua nta bado ipo, niliyatazama tu, kila tone likiakisi mlima mdogo ndani. Siku yalipotandaa, nilipaka nta.

Guka aliporudi, alipapasa rangi polepole.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa nakungoja."

Akanifungulia mlango wa dereva, akaketi kando yangu.

Mungu akutangulie barabarani.

Cucu