Besi ya Kaka, Kijiko cha Mama

Jumanne, 3 Oktoba

Vidole vinauma. Cha shahada kimetoa lengelenge, cha kati kimepasuka kabisa — na kesho nina kola za makoti ya walinzi zinanisubiri kwenye cherehani. Msimamizi kaniuliza nimefanya nini. Nikasema pasi imeniunguza. Ningemwambieje? Kwamba nina miaka arobaini na mbili na ndiyo kwanza najifunza gitaa la besi, ili kaka yangu ale?

Acha niandike. Labda nikiandika nitaona kama ni wazimu.

Kaka alipigwa na kiharusi mwezi wa tatu. Upande wa kulia ukafa wote, na maneno yakaenda nao. Mtu aliyepiga besi kwenye bendi ya ukumbini miaka ishirini na mbili! Mwezi wa nane akaanza kukataa chakula. Koo ni zima, daktari kamwangalia mara mbili. Anafunga mdomo tu. Mama anakaa naye na kijiko mpaka uji unaganda.

Siku moja nafagia chini ya kitanda chake, ufagio ukagonga besi. Uzi mnene ukanguruma. Kaka akageuza kichwa, mdomo ukaachia kidogo. Mama naye hapotezi nafasi — kijiko ndani! Akameza.

Tangu siku hiyo mimi ndiye mpiga besi wa nyumba hii. Sikuomba cheo.

Leo vijiko tisa. Mama anavihesabu kwa sauti.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimegundua kitu. Nikipiga ovyo, hali! Nikipiga sawasawa, anafungua mdomo. Nikikosea noti, anafunga — hata kama kijiko kimeshafika kwenye meno. Mama ananigeukia kwa hasira, uji unamtiririka kidevuni kaka, na mimi natafuta noti kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Tunajifunza ule wimbo wa kufungia, ambao bendi yao ilimalizia nao kila Jumamosi. Kaka mwenyewe ndiye aliyeutunga upande wa besi. Niliurekodi kwenye simu zamani, lakini spika ya simu haitoi besi hata chembe. Nasikia mwimbaji, nasikia watu wanapiga makofi, kaka hayumo. Nikaichomeka simu kwenye amplifaya yake — ile yenye kitufe cha kuzungushia sauti kilichoungua — na ghafla akatokea. Mnene, wa chini, hana haraka. Nililia. Nilijifanya nina mafua.

Wifi karudi kutoka kazini akatukuta. Akasema nikiendelea hivi nitamwamsha na baba mkwe kaburini. Tukacheka wote wawili. Baadaye kidogo, anakunja nguo za mumewe, akasema kwa sauti ya chini: labda anakula ili ninyi mnyamaze.

Sikucheka hiyo.

Jumapili, 8 Oktoba

Tairi kaja! Mpiga ngoma wa bendi. Wanamwita hivyo kwa sababu alijifunzia kwenye matairi mabovu nyuma ya gereji. Hajui jina la noti hata moja. Anafundisha kwa mdomo: dum, du-dum, dum. Yeye ananipa mapigo, taya la kaka linanipa noti. Walimu wawili, na mwanafunzi mmoja mzito wa kuelewa.

Kuna mahali ananikemea kila mara. Kabla ya kurudi kwenye kiitikio, besi haingurumi. Kaka alikuwa anaweka kiganja juu ya nyuzi zote, anazizima, anahesabu nne. Ukumbi mzima unashika pumzi. Halafu anarudi, na watu wanapiga kelele. Mimi nafika pale narukia mbele. Tairi akasema nina haraka kama anayekimbilia choo.

Nikamkumbuka kaka enzi hizo akijisifu mezani: kimya kingi kina mshindo mkubwa. Alikuwa anasema hivyo mdomo ukiwa umejaa chakula.

Kaka katabasamu leo. Upande mmoja tu, lakini katabasamu! Vijiko kumi na vinne. Mama kaimba akiosha sufuria.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimefanya kosa. Niliandike kama lilivyo.

Kazini kwetu uzi mkuukuu ni adui. Ukichakaa unakatika katikati ya mshono, kwa hiyo unautoa mapema, unaweka mpya. Sindano ikiota kutu, unaitupa. Ndivyo nilivyofunzwa tangu nikiwa msichana. Na nyuzi za kaka zilikuwa za kutisha — nyeusi, zina kutu, zina ukoko wa jasho na mafuta ya vidole. Nikasema huyu mgonjwa ananisikiliza kwa shida kwa sababu ya uchafu huu. Nimpe zawadi.

Nikaomba ruhusa ya nusu siku, nikaipeleka besi kwa fundi redio. Akazigusa akacheka. Akasema dada, hizi zilishakufa, zimebaki kuzikwa. Nikamwambia toa zote. Akachukua koleo. Ka! Ka! Ka! Ka! Akaweka mpya zinazong'aa, akapangusa na mbao. Nilirudi nyumbani nimeibeba mgongoni kama mama aliyetoka kujifungua.

Jioni nikachomeka waya. Mama tayari na kijiko. Nikapiga.

Ikalia kama funguo zilizoanguka sakafuni. Kali, nyembamba, ya kung'aa. Kaka kafungua macho. Kaitazama mikono yangu, kazitazama nyuzi. Halafu kajigeuza ukutani. Mtu ambaye hajigeuzi mwenyewe! Sijui nguvu kaitoa wapi.

Kijiko hata kimoja.

Jumamosi, 14 Oktoba

Siku ya tatu. Anameza maji tu, tena tukimfinya mashavu.

Tairi kafika, kasikia noti moja, kashika kichwa. Akauliza ziko wapi za zamani. Nikasema zimekatwa. Akakaa chini, pale pale sakafuni. Akasema miaka kumi na moja hakubadilisha nyuzi zile. Bendi nzima ilimtania — kwamba atazikwa nazo. Yeye akijibu kwamba anayepiga si yeye, ni jasho lile.

Kumi na moja! Na mimi nimelitoa kwa koleo kabla ya chakula cha mchana.

Mbio kwa fundi. Nyuzi tatu kampa mwokota vyuma. Ule mnene kafungia kibao cha duka lake, nje, kwenye jua. Nikaufungua kwa meno huku anatazama. Lakini alikuwa ameshaukata. Tuliuvuta na Tairi mpaka mikono ikatetemeka, haufiki. Umepungua kama shibiri moja. Shibiri moja tu!

Mama hanisemi. Afadhali angenisema.

Jumapili, 15 Oktoba

Hakuna. Mbavu zake zinahesabika juu ya shuka.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nesi wa kliniki kaja na mizani. Hakupenda alichokiona. Akasema kama hakuna mabadiliko, gari litakuja Ijumaa saa nne asubuhi. Watamlaza, watamtia mpira puani, chakula kipite humo. Akaeleza vizuri tu, kwa upole, kwamba mikono huwa wanaifunga kitandani ili wagonjwa wasiung'oe. Nikautazama ule mkono wa kushoto. Ndio pekee uliobaki.

Nesi alipotoka, wifi kanifuata uani. Akaniuliza nampigia mumewe gitaa au namtesa. Akasema: yule mtu alijilisha mwenyewe kwa vidole vyake miaka yote, sasa mnamdanganya mdomo kwa wimbo wake mwenyewe. Sisemi afe, wifi. Nasema hakuna aliyemuuliza.

Nikamwambia mke gani anasema hivyo. Akasema mke anayemgeuza kila saa mbili ili asipate vidonda, huyo ndiye anasema hivyo. Akaondoka na ndoo yake.

Nina hasira naye bado. Hasira yenyewe inanuka uoga.

Jumanne, 17 Oktoba

Nashona makoti ya walinzi, mkononi nina sponji ya bega — ile ya kunyanyua bega lionekane la mwanaume. Nikaibana. Nikaisimamisha cherehani katikati ya mshono!

Sauti ya zamani ilikuwa nini? Ilikuwa uzi uliozibwa. Ulioshiba uchafu, hauwezi kulia kwa muda mrefu. Basi nami niuzibe.

Nikamwendea msimamizi nikamwambia ukweli wote, kaka, besi, vijiko, nyuzi. Akanipa sponji mbili. Akaongeza na kichupa cha mafuta ya cherehani, bila kuuliza.

Nyumbani nikaisukuma sponji chini ya nyuzi, pale mwisho zinapofungiwa. Nikapaka mafuta, nikayafuta, nikapaka tena. Nikashusha kitufe cha sauti kali mpaka mwisho. Tairi kwenye simu akasema piga nisikie, nikamkumbusha simu haitoi besi. Tulicheka kama wehu.

Dum. Mnene. Wa chini. Si yeye — lakini ni ndugu yake.

Kaka alikuwa kalala. Sikumwamsha.

Jumatano, 18 Oktoba

Kageuka!

Kageuka kutoka ukutani nilipofika mstari wa pili. Macho kodo. Mama akawahi na kijiko. Cha kwanza kapokea. Cha pili. Cha tatu kakishikilia mdomoni muda mrefu, machozi yanamtoka jicho la kushoto, halafu kameza.

Cha nne kafunga. Na sikuwa nimekosea! Nilirudia nikasikiliza, sikuwa nimekosea popote.

Mama anasema vitatu ni mwanzo mwema. Wifi alikuwa kasimama mlangoni. Aliniangalia mimi, hakumwangalia kaka.

Alhamisi, 19 Oktoba

Viwili.

Nilipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Saa tatu na nusu asubuhi. Sikwenda kazini. Begi la hospitali lipo mlangoni, wifi kalifunga jana — shuka mbili, sabuni, kikombe chake. Mama kapika uji upya, kaongeza sukari kama ya mtoto. Anasema nesi akikuta bakuli tupu hawatamchukua. Amelisema mara nne tangu alfajiri.

Naandika hapa hapa kando ya kitanda, daftari liko juu ya amplifaya. Nitaeleza baada ya muda kwa nini naandika kwa mkono mmoja.

Nilivuta kiti karibu kuliko siku zote, besi ikagusa godoro. Nikaanza ule wa kufungia. Polepole. Mama na kijiko, wifi miguuni kwa mumewe anamkanda nyayo. Kaka macho wazi. Mdomo umefungwa. Nikapiga mstari wa kwanza, wa pili, sikukosea. Mama akagusisha kijiko kwenye midomo, akasema baba, kula, dada yako anakupigia. Hakufungua.

Nikakaribia pale pa kunyamaza. Nikajiambia leo sirukii. Leo nitahesabu nne kama yeye.

Kabla sijainua kiganja changu, cha kwake kikaja. Mkono wa kushoto, ule mzima. Uliinuka kutoka kwenye shuka, ukatetemeka hewani, ukatua juu ya nyuzi zote nne. Sauti ikafa. Mkono una joto.

Nilifurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema mnaona, anajua wimbo, ananifundisha! Nikahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Hakuuondoa.

Nikahesabu tena nne. Nikaujaribu uzi mnene chini ya kiganja chake kwa ncha ya kidole, ili aone niko tayari. Akakandamiza.

Mama akasema mbona umenyamaza, piga! Wifi akasema mama, subiri. Mama akasema nisubiri nini, gari linakuja, piga mwanangu, piga tu hata nusu. Wifi aliacha kukanda, akamshika mama mkono, ule wenye kijiko, akautuliza juu ya goti.

Laiti ningejua kama ni nne zake za ukumbini au ni mwisho. Uso wake hauniambii. Hana hasira. Hatazami ukutani. Ananitazama mimi, kama alivyokuwa ananitazama utotoni nikimwomba anibebe mgongoni naye kachoka — anangoja nielewe mwenyewe. Na mimi ni mzito wa kuelewa, nilishasema.

Nikiuondoa mkono huu kwa nguvu, ni mwepesi, utaondoka. Nitapiga, labda atafungua mdomo, nesi atakuta bakuli limepungua. Nikiuacha, gari litamkuta hajala, na huko mkono huu huu wataufunga.

Namuuliza. Nimemuuliza sasa hivi, kwa mdomo wangu, mbele ya mama: kaka, unataka niache? Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kafumba macho, kafumbua. Kiganja hakijasogea.

Mama analia bila sauti. Uji unaanza kuota ngozi juu.

Kuna gari linarudi nyuma hapo nje, nasikia linatafuta nafasi ya kusimama. Wifi kaenda mlangoni. Hajafungua, kaegemea tu mlango kwa mgongo.

Mkono wake juu ya nyuzi, wangu juu ya wake. Nahesabu upya kuanzia moja, polepole, simkimbizi.